Sony RX100 na Olympus TG-6: moja ya harusini moja ya baharini, wewe ununue ipi

Binti ami yangu wa Malindi kaniletea ujumbe juzi usiku, "Dada, nataka kamera ndogo ya mfukoni, nimeambiwa nichukue ile isiyoingia maji, wasemaje?" Nikaanza kumjibu kwa sauti, dakika tatu, nne, ya saba nikaizima, nikaona heri niandike kabisa manake swali lenyewe naulizwa na kila mtu hapa Lamu na kila mara najibu nusu nusu nimesimama njiani punda wanapita.

Mimi napiga picha za harusi upande wa wanawake. Usiku wa hina, kesha, siku bibi harusi anatolewa nje, vugo, ile ngoma ya wanawake, likilia mimi ndiye yule amebana pembeni karibu na feni na kidude cheusi mkononi. Kidude chenyewe ni Sony RX100, ile ya kwanza kabisa isiyo na namba baada ya jina, iliyotoka 2012. Mdogo wangu ni nahodha, ana mashua, anapeleka wageni Manda Toto wakavae miwani waangalie samaki, na yeye ana Olympus TG-6 ya 2019. Nyumba moja kamera mbili, na ugomvi haukosi. Tumeazimana, tumeibiana, tumelaumiana, kwa hivyo haya yote nimeyapata kwa kuzishika, sikuyasoma kwenye boksi.

Kabla sijaendelea, najua kuna mtu atasema simu yatosha. Kwa mengi yatosha kweli, mchana kweupe pale barabara ya forodhani simu ya kawaida inakupa picha nzuri tu na huhitaji kingine. Lakini simu ikizama baharini imezama na M-Pesa, na namba za watu, na picha za watoto tangu wazaliwe. Na harusini simu ina kesi yake nyingine, ntaifikia.

Kwa mkono zote mbili ni ndogo. RX100 ina gramu 240 na TG-6 ina 253, ukizitia kwenye mkoba hujui ipi ni ipi mpaka uguse. Ukigusa ndo unajua, manake RX100 ni laini mwili mzima kama sabuni, haina pa kushikia, wengi wananunua kile kipande cha mpira cha kubandika mbele na mimi nimebandika, bila hicho na mkono una mafuta ya nazi utaiokota chini. TG-6 ina matuta na sehemu ya kidole gumba, mdogo wangu anaishika na mkono umelowa na kamba ya tanga kwenye mkono wa pili, haimponyoki.

Sasa jambo la kwanza ambalo kwangu mimi ndilo linaamua karibu kila kitu, na ambalo watu hawaliulizi wanauliza megapikseli tu: je, lenzi inatoka nje au haitoki? RX100 ukiiwasha mdomo unatoka, ukiizima unarudi. TG-6 haitoi kitu, lenzi yake imejificha ndani nyuma ya kioo, ukizumu kila kitu kinakwenda humo humo ndani. Kwa mtu wa Nairobi hii ni habari ya urembo. Kwa mtu wa Shela ni habari ya uhai na mauti. Kamera yangu ya kwanza, jina lake nalisitiri, ilikuwa ya mdomo kutoka, nikaipeleka Shela kwenye matuta ya mchanga kipindi cha kusi nimpige shoga yangu picha za kuchumbiwa, upepo si unaujua, mchanga unaruka mpaka kwenye meno. Nikaiwasha mara ya nne mdomo ukatoka nusu ukalia krr krr ukabaki hapo hapo. Haukurudi tena. Ilikaa kwenye kabati mwaka mzima imetoa ulimi nje kama mbuzi wa Idd, nikaituma Mombasa kwa fundi, fundi kasema bei ya kutengeneza yazidi bei ya kamera. Bibi yangu aliiangalia kasema, "Imekufa mato wazi." Kweli, macho wazi.

Kosa lilikuwa langu, siyo la kamera. Kamera yoyote ya mdomo kutoka ikila mchanga itakwama tu. Tangu siku ile RX100 yangu haijakanyaga Shela, na naposema haijakanyaga nakusudia hivyo hivyo, hata nikialikwa kule kwa chakula naiacha nyumbani.

Haya, kwa nini basi nisichukue TG-6 mimi pia nikapumzika? Giza.

Aliyewahi kuingia nyumba ya zamani ya hapa mjini anajua. Unapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unatokea kiwanda, ule uwanja wa ndani ambako jua linashuka lote, vizuri, kisha unaingia msana wa kwanza, yaani ukumbi mrefu, mwanga umepungua, msana wa pili umepungua tena, ukifika ndani kabisa aliko bibi harusi unabaki na mwanga wa taa moja na zile zidaka, vishubaka vya ukutani, huzioni tena ila kama vivuli. Kuta nene za mawe ya bahari, madirisha hakuna, ndivyo wazee walivyojenga na ndo maana ndani kuna baridi nzuri. Kwa kamera ni adhabu.

Hapo ndo inakuja habari ya sensa, kile kipande ndani kinachopokea mwanga. Ya RX100 ni milimita 13.2 kwa 8.8, ile wanayoita ya inchi moja ingawa ukipima si inchi. Ya TG-6 ni kama 6.2 kwa 4.6. Ukizidisha utaona ya kwanza ni karibu mara nne ya pili kwa eneo. Fikiria mmetega maji ya mvua, mmoja kaweka sinia mwingine kaweka kisahani cha kikombe cha kahawa, mvua ni ile ile. Ndani ya chumba cha bibi harusi bila fleshi RX100 inanipa uso wenye rangi ya uso, hina nyekundu ni nyekundu, kanga inasomeka jina. TG-6 hapo hapo inaanza chengachenga kama televisheni isiyoshika stesheni, na kamera yenyewe ikijaribu kuzifuta inafuta na nyusi za watu pamoja, bibi harusi anatoka kama kapakwa uji.

Na megapikseli hazina neno hapa. RX100 ina 20, TG-6 ina 12, lakini nenda kachukue zile ndogo za bei nafuu kama Sony W830, ina 20 pia, na sensa yake ni ndogo ya kundi lile lile la TG-6, ndani ya msana itakutoa jasho. Hata Olympus wenyewe walikuwa na 16 kwenye TG-4 wakashuka 12 walipoleta TG-5 mwaka 2017, wameshuka kwa makusudi, manake kisahani kidogo ukikigawa vipande vingi kila kipande kinapata tone dogo. Kwa hivyo muuzaji akikwambia "hii ni ishirini dada, ile ni kumi na mbili" mpe shukrani na umuulize sensa.

Ila kuna kitu watu hawakioni kwenye RX100 na ntakisema hata kama ni yangu. Lenzi yake inafunguka f/1.8 (hiyo f ni kipimo cha tundu la kupitisha mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) ikiwa haijazumu, ukiizumu mpaka mwisho inafunga mpaka f/4.9. TG-6 inaanza f/2.0 na mwisho ni 4.9 hiyo hiyo. Yaani ukisimama mlangoni ukazumu uso wa bibi harusi toka mbali umeitupa faida nzuri kabisa uliyoilipia. Dawa ni miguu. Sogea. Piga bila kuzumu. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa naona haya kuwapita mashangazi wa watu mbele nazumu toka nyuma, picha zote zikatoka zimetikisika, nikaja kujifunza kusema "nipisheni mama zangu, radhi" na kukaa chini mkekani karibu na miguu yao.

Fleshi nayo. Zote mbili zina fleshi ndogo ila ya RX100 inachomoza juu na unaweza kuivuta nyuma kwa kidole ikaangalia dari, ukapiga mwanga ukaenda juu ukarudi chini taratibu badala ya kumpiga mtu usoni. Kwenye nyumba mpya yenye dari nyeupe ni raha tupu. Kwenye nyumba ya zamani dari ni boriti nyeusi za mkoko, mwanga unakwenda haurudi, basi naielekeza ukuta wa chokaa. Ya TG-6 inaangalia mbele tu. Na chetezo kikipita, nakuomba zima fleshi kabisa iwe kamera ipi iwe ipi, moshi wa udi ukipigwa fleshi unakuwa ukuta mweupe na bibi harusi hayupo.

Sasa ile kesi ya simu niliyoiahidi. Harusi zetu siku hizi simu zinakusanywa mlangoni, au zinabandikwa kikaratasi kwenye kamera, na ni haki yao, mwanamke kavua bui bui kajipamba kaachia nywele yuko na wenzake, picha moja ikitoka kwenye grupu la WhatsApp saa nne usiku kufika alfajiri imefika Jomvu kule Mombasa. Hapo RX100 ya kwanza ina sifa ambayo Sony hawakuikusudia iwe sifa: haina waifai. Haina kabisa. Picha inaingia kwenye memori kadi na haitoki mpaka uichomoe kadi kwa mkono. Mtu wa kwanza aliyenielewesha thamani yake ni bibi mmoja, nyanyake bibi harusi, kanishika mkono mlangoni kauliza, "Hicho kina mato mangapi, na chaona mpaka wapi?" Nikamwambia bibi, hiki chaona na kunyamaza, nikamfungulia mlango wa chini nikamwonyesha kadi, nikamwambia usiku ukiisha ntamkabidhi mama mtu mkononi. Ndivyo nafanya tangu siku hiyo. Kadi mpya kwa kila harusi, nainunua naiweka kwenye bei, mwisho wa sherehe naitoa mbele yao naikabidhi na mimi nabaki sina picha hata moja. Watu wananishangaa, ati mbona huweki mfano wa kazi zako. Sina, na kazi zaja kwa sababu sina.

RX100 Mark II ya 2013 tayari ina waifai, na skrini inayoinuka, na ni nzuri kuliko yangu kwa mengi. Unaweza kuizima waifai kwenye menyu ndiyo. Lakini mama wa bibi harusi hajui menyu, yeye atakuuliza ina au haina, na jibu la "ina lakini nimezima" si jibu tamu mlangoni.

TG-6 ina waifai na kwa mdogo wangu ndo riziki yenyewe. Wageni wametoka majini, wanakausha nywele, mashua inarudi, yeye anawahamishia picha kwenye simu zao kupitia programu ya kamera kabla hawajafika gatini, nao wakiwa bado wamechangamka mkono unafunguka. Angesubiri afike nyumbani ahamishe kwa kompyuta atume kesho, kesho mgeni yuko uwanja wa ndege Manda na furaha imepoa. Kitu kingine ina GPS, inaweza kuandika kwenye picha ilipigwa wapi hasa. Hiyo kaizima, anasema mwamba wenye samaki haunadiwi, mvuvi hata nduguye hamwambii.

Ndani ya maji sina haja ya kulinganisha, RX100 ikiingia maji ni maiti. TG-6 inakwenda mita 15 hivi hivi bila nyumba ya plastiki, na ikianguka toka mita 2.1 imetengenezwa ivumilie, ikikanyagwa kilo 100 ivumilie. Wageni wa miwani hawashuki hata mita tatu kwa hivyo 15 ni ziada. Ina hali ya chini ya maji kwenye gurudumu lake, hiyo itumie, manake rangi nyekundu inapotea haraka ukishuka na picha inageuka buluu tupu, kamera inajaribu kuirudisha. Lakini sikiliza: haielei. Isiyoingia maji siyo isiyozama, watu wanachanganya. Mdogo wangu kapoteza siku nzima akipiga mbizi kuitafuta pale Manda na kwa bahati maji yalikuwa meupe. Sasa kafunga kwenye kamba yake kipande cha ndara kuukuu, na hapa Lamu hakuna wa kumcheka, ndara zetu ndo zimepambiwa Flipflopi, jahazi zima la plastiki, likaenda mpaka Unguja 2019.

Na raba za vile vilango. TG-6 ina vilango viwili, cha betri na cha waya, kila kimoja kina kufuli mbili na raba nyembamba ndani. Unywele mmoja, chembe moja ya mchanga imelala kwenye ile raba, maji yataingia na hutasema hukuambiwa. Utaratibu wa mdogo wangu, nimemchukia kwa mambo mengi ila kwa hili namsifu: akirudi anailaza kwenye ndoo ya maji matamu, vilango vimefungwa, anaswali anakunywa chai ndo anaitoa, anaipangusa, anaiacha kivulini, na kilango hakifunguliwi mpaka ikauke kabisa na yeye mikono imekauka. Hafungui chomboni hata betri iishe. Raba zenyewe waliotengeneza kamera wanasema zibadilishwe kila mwaka. Chumvi ikikauka kwenye kitufe kinakuwa kigumu kama kisanduku cha bibi.

Nilipoanza kuandika nilitaka niseme harusini RX100 baharini TG-6 basi tumemaliza, lakini kuna usiku mmoja RX100 inashindwa na ni usiku wangu mimi mwenyewe, usiku wa hina. Hina ni kazi ya karibu. Mpakaji kachora ua dogo kwenye kifundo cha kidole, bibi harusi anataka lionekane lile ua, siyo mkono mzima. RX100 inasogea mpaka sentimita 5 ikiwa haijazumu, na hapo kivuli chake chenyewe kimeshafunika mkono. Ukizumu inataka urudi nyuma zaidi ya nusu mita. TG-6 ina kitu wanakiita hali ya maikroskopu, inakwenda mpaka sentimita 1 na hata ukizumu inakubali, unaona mistari ya ngozi, unaona hina mbichi ilivyovimba kabla haijakauka. Kuna na pete ya plastiki unayoichomeka mbele inasambaza mwanga wa ile taa yake pande zote. Kwa hivyo siku ya hina naiazima, naifuta kwanza manake inanuka bahari, na namlipa mdogo wangu kwa sahani ya biriani. Waifai yake naizima na mama wa bibi harusi namwambia ukweli, na kwa sababu ni mikono tu bila sura hakuna aliyewahi kukataa. Pete, bangili za fedha, kikuba cha asumini, vyote hivyo TG-6 inaniacha mbali.

Kuna watu watataka zumu kubwa, wale wa mashindano ya mashua siku za Maulidi, unasimama ukutani mashua ziko kule mbali unataka tanga lijae picha. Hapo zote mbili usinunue. Zumu za zote mbili zinaishia milimita 100 kwa hesabu ya kamera za filamu, yaani mashua yako itakuwa nzi. Tafuta kitu kama Canon SX740 HS ya 2018, ina zumu mara 40 na bado yaingia mfukoni, ila sensa yake ni kisahani tena, mchana tu hiyo, na mdomo wake ukitoka unatoka hasa, mchanga utaufurahia.

Umeme. Hapa zote mbili ni sawa na ni nzuri, zinachaji kwa waya zikiwa zimezimwa na betri ndani, waya ule mdogo wa simu za zamani ambao kila nyumba unao kwenye droo, kwa hivyo stima ikipotea unachomeka pawabenki. Kwa karatasi RX100 inapiga picha 330 kwa chaji na TG-6 340. Kwa kesha moja la kweli ukitumia fleshi na ukiwaonyesha kina mama kila picha kwenye skrini, 330 usizitarajie, nenda na betri mbili. Na skrini ya RX100 haigeuki, haiguswi, imekwama hapo ilipo, ukitaka kupiga toka juu ya vichwa unakisia na kumuomba Mungu. Ila juani inaonekana vizuri kuliko unavyodhani.

Menyu sitaki kuzungumza sana. Zote zina menyu ndefu, utazoea. Kwa anayependa kujipangia mwenyewe kila kitu RX100 ina hali ya M, unayopanga tundu na kasi wewe mwenyewe, na pete ile ya kuzungusha mbele ya lenzi ambayo ni tamu sana, TG-6 haina M wala huwezi kuipangia kasi ya kufunga, inakupa P, inayojipangia yenyewe, na A, unayopanga tundu tu, na kazi iliyobaki yaamua yenyewe. Mdogo wangu hajawahi kuijutia hiyo maishani mwake.

Unyevu nao ni adui wa RX100 polepole. Hewa yetu ni ya chumvi na maji mwaka mzima, lenzi ikikaa kabatini inaota kuvu ndani kama nyuzi za buibui. Mimi naiweka kwenye kontena la plastiki la chakula lenye kufunga sawasawa, na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, nikivishuku navianika juani. Na ukitoka kwenye chumba cha eisii usiiwashe pale pale nje, iache kwenye mkoba robo saa ipate joto, ama utaona kioo kimelia machozi.

Sasa bei. RX100 ilipotoka ilikuwa dola 650 na TG-6 ilipotoka 450. Hizo ni za dukani za wakati huo kule kwao, huku unazipata mtumba sana sana na bei ni mdomo wako. Ya mtumba ukiletewa RX100, kaa nayo chumba kimya, iwashe na kuizima mara kumi, sikiliza mdomo unavyotoka, ukisikia mkwaruzo hata kidogo rudisha. Kisha piga ukuta mweupe umeifunga lenzi mpaka f/11, angalia picha kwa ukubwa, vidoa vyeusi ni vumbi limeingia kwenye sensa na halitoki bila kuifungua. TG-6 ya mtumba fungua vilango uangalie raba na vyuma vya betri, ukiona kijani kijani ujue bahari ilishaingia mle, hata kama inawaka, hata kama muuzaji anaapa. Na ukipata ya kuongeza pesa kidogo iko TG-7 ya 2023, imekuja na waya wa aina mpya wa USB-C na video ya kusimama kwa wale wa TikTok, mengine sioni kubwa la kukimbilia.

Basi, binti ami. Wewe unapamba maharusi, kazi yako ni vyumbani usiku, uso, macho, kitambaa. Umeambiwa ununue isiyoingia maji kwa sababu mwakaa Malindi na mwaenda hifadhi ya bahari na watoto siku za likizo. Hizo siku ni ngapi kwa mwaka? Na ukitoa zile ambazo mto Sabaki umefurika umeleta tope lake lote mpaka bahari imekuwa chai ya maziwa, huoni hata kidole chako ndani ya maji, zinabaki ngapi? Kaskazi ikiwa imetulia, hapo sawa, lakini ni siku za kuhesabu. Harusi unazo kila wiki mfungo ukitoka. Nunua RX100, na ukiweza chukua ile ya kwanza, na usiipeleke ufuoni hata siku moja, hata kwa picha moja tu, hata bibi harusi alie.

Mumeo naye akitaka ya baharini na anunue yake. Msishirikiane kamera, nakwambia mimi niliyejaribu.

Yangu ukija kwa Maulidi ntakupa uishike jioni nzima ujaribu ndani kwetu, taa moja, uniambie. Njoo na kadi yako.